Neno "Sawa" Chini ya Mwamba

Msichana wa darasa la saba amesimama mbele yangu, helmeti imemzidi kichwa, kamba iko kiunoni. Nyuma yake wenzake thelathini wanapiga kelele, na juu ya mwamba pimbi watatu wanaota jua wakitutazama kama wazee wa baraza. Namwuliza, "Umefunga fundo?"

"Sawa," anajibu.

"Sikuuliza kama ni sawa. Nimeuliza kama umefunga."

"Sawa, mwalimu."

Wenzake wanacheka, naye anacheka. Mimi nainama, nalishika fundo lake na kuanza kuhesabu kwa sauti ili asikie. Fundo la nane, lile lenye umbo la tarakimu 8, likifungwa vizuri lina jozi tano za kamba zilizolala sambamba. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Lake lina tano. Alikuwa amelifunga vizuri kabisa. Lakini hata angekuwa hajalifunga, jibu lingekuwa lile lile.

Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nianze kuwapandisha watu miamba hapa Hell's Gate, Naivasha, na neno pekee nililolipiga marufuku kwenye kamba zangu ni hilo. Mtu aweza kunitukana, aweza kulia, aweza kumwita mama yake akiwa katikati ya mwamba, ruhusa anayo. "Sawa" hapana. Sisi Wakenya tunalitumia kwa kila kitu: nimesikia, sijasikia, nakubali, sikubali ila sitaki ugomvi, niache nipumzike, tuonane kesho. Kondakta wa matatu akikuambia "sawa" hujui kama chenji inakuja au imeshaenda. Barabarani hilo halina madhara makubwa. Kwenye kamba, nimeona lilivyo.

Mahali penyewe ni Fischer's Tower, nguzo ya mwamba wa volkano yenye urefu wa mita 25 hivi, iliyosimama peke yake kando ya barabara ya vumbi ukishapita lango la Elsa. Jina ni la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883 akitafuta njia ya kwenda Ziwa Victoria, Wamasai wakamzuia. Wamasai wenyewe wana habari nyingine kuhusu nguzo hiyo: ni binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akageuka nyuma kutazama kwao, akawa jiwe. Wageni huwa nawasimulia zote mbili. Watoto wa shule huipenda ya binti, na kila mara mmoja wao huuliza tunampanda kwenye mgongo au kwenye uso.

Mimi ni mtoto wa Karagita, mtaa ulio kando ya barabara ya ziwa, ambako karibu kila nyumba ina mtu anayekula kutokana na maua. Mama amekaa kwenye greding miaka mingi. Anasimama mezani kutwa akipanga waridi kwa urefu wa shina, anageuza kila ua kutafuta doa la kuvu, anahesabu ishirini, anafunga, anaanza tena. Nilipomaliza kidato cha nne hapakuwa na karo ya kuendelea, nikaenda langoni kukodisha baiskeli za mtu. Hell's Gate ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambamo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na swala bila kufungiwa ndani ya gari, kwa hiyo baiskeli zilikuwa biashara. Nilipeleka, nikarudisha, nikaziba pancha. Kila nilipopita mnarani nilimkuta mzee mmoja mwenye kofia ya sufu hata jua la saa sita, kashika kamba, shingo imeinuka, hasemi neno. Siku moja nikajitia moyo, nikamwuliza kama anahitaji mtu wa kumbebea mizigo.

"Unajua kufunga viatu?" akauliza.

Nikadhani ni mzaha. Nilikuwa nimevaa raba ambazo kamba zake nilikuwa nimezichomeka tu ndani. Akazitazama, akatikisa kichwa, akaniambia nirudi nikishajua.

Nilirudi kesho yake. Mwaka wa kwanza sikupanda zaidi ya mara sita. Kazi yangu ilikuwa kubeba, kukunja na kupapasa. Kamba ya mita 60 unaipitisha yote kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, macho yakiwa kwingine. Ina ganda la nje lililosukwa na kiini cheupe ndani, na kiini ndicho kinachombeba mtu. Ganda laweza kung'aa kama limetoka dukani leo, kumbe kiini kimeumia. Kidole kikifika hapo kinakuta pamelegea, na ukiikunja inavunjika kona kama mrija wa soda uliobonyezwa. Nilipapasa kamba mpaka nikaota napapasa kamba.

Kuna siku tulikuwa tunatoka Lukenya, ile miamba ya upande wa Athi River ambako wapandaji wa Nairobi hujifunzia, tukakodi Probox. Mwenye gari alikuwa ameweka betri kuukuu kwenye buti, na kamba ya Mzee ikatupwa pembeni yake. Betri haikuwa imemwagika, au basi sisi hatukuona. Mzee alipogundua alinyamaza mpaka Naivasha. Tulipofika alichukua kisu akaikata kamba ile vipande vipande, akawagawia majirani wafungie mbuzi na kuanikia nguo. Asidi ya betri huila nailoni bila kuacha alama. Mimi, nikikumbuka bei yake, nikamwambia, "Lakini Mzee, mbona inaonekana sawa?"

"Ndiyo sababu nimeikata," akasema. "Ingeonekana mbovu ningeiacha, kila mtu angejihadhari nayo."

Lile jibu nililisikia. Kulielewa kulichukua miaka mitatu mingine, na kwa aibu.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti. Nilikuwa nimeshaanza kupokea vikundi vyangu mwenyewe, na siku hiyo walikuja watu wa ofisi kutoka Nairobi, kumi na wanne, fulana za rangi moja, wamechelewa saa mbili. Ilibidi nitangulie kupanda ili niwawekee kamba juu. Nikafunga nane ya kwanza. Nikapitisha ncha ya kamba kwenye matundu ya hanesi, ule mkanda wa kiunoni na mapajani. Ilibaki kuirudisha ncha ifuate njia yake ndani ya ile nane mpaka itokee upande wa pili. Wakati huo huo mtu akaja na simu: pesa za kikundi amezituma, hajui kama zimeingia, hebu nitazame. Nikatazama. Nikausoma ujumbe, nikamwambia zimeingia, nikamshukuru. Kijana aliyekuwa akinishikia kamba akauliza, "Sawa?" Nikajibu, "Sawa." Nikashika mwamba.

Njia ile nilikuwa nimeipanda mara nyingi hata sikuwa naitazama tena. Mikono ilijua yenyewe shikio la kushoto liko wapi na mguu wa kulia unasimama juu ya nini. Boliti ya kwanza, chuma kilichochimbiwa mwambani, nikatundika kamba; ya pili, ya tatu. Kama mita 12 kutoka chini pana kibaraza cha kutosha miguu miwili. Nikasimama hapo nipake chaki mikononi. Nikainama kutafuta mfuko wa chaki, nikaona ncha ya kamba inaning'inia juu ya paja langu kama ulimi wa mbwa.

Fundo halikuwa limemalizwa. Palikuwa na kamba iliyopita tu ndani ya hanesi, imeshikiliwa na msuguano na rehema za Mungu. Ningeteleza popote katika zile mita 12, au ningefika juu nikaegemea kamba nishushwe kama ninavyofanya kila siku, ingechomoka kama uzi kwenye sindano.

Sikupiga kelele. Nilitoa kwikidro moja, utepe mfupi wenye karabina, yaani kibanio cha chuma, kila upande, nikaitundika kwenye boliti iliyokuwa usawa wa kifua, upande wa pili nikaubana kwenye hanesi. Ilisema kli. Ile karabina imeandikwa kN 22, yaani inahimili uzito wa zaidi ya tani mbili, na mimi nina kilo 64, lakini niliitazama kwa muda mrefu kana kwamba nami ni mgeni aliyekuja leo. Hapo ndipo magoti yalipoanza kucheza. Fundo ninaloweza kulifunga gizani na glavu mkononi lilinishinda mara mbili.

Kutoka chini yule kijana akaita, "Uko sawa huko?"

"Sawa," nikajibu. Nikadanganya kwa neno lile lile lililoniponza, na mpaka jioni hakuna aliyejua.

Jioni nilikwenda kwa Mzee. Nilitegemea anifukuze. Alinimiminia chai, akanisimulia habari za Lynn Hill. Huyo ni Mmarekani, wakati huo miongoni mwa wapandaji bora duniani. Mwaka 1989 huko Buoux, Ufaransa, alianza kufunga fundo, akakatiza ili avae viatu, akasahau kulimalizia. Akapanda njia aliyoiona ya kupasha mwili moto tu, akafika juu, akaegemea kamba. Alianguka zaidi ya mita 20. Matawi ya mti yakampunguzia kasi, akapona. Miaka minne baadaye, 1993, alipanda The Nose, njia ndefu ya ukuta wa El Capitan kule Yosemite, kwa nguvu za mikono na miguu yake, kamba ikiwa ya kumdaka tu. Hakuna aliyewahi kuipanda hivyo kabla yake, mwanamume wala mwanamke.

"Mgeni hasahau," Mzee akasema. "Mgeni anaogopa. Atalitazama fundo lake mara tano. Wewe ndiye utakayesahau."

Kisha akaniuliza nani alinikagua. Nikasema yule kijana aliniuliza kama ni sawa. Mzee akaweka kikombe chini. "Alikuuliza. Mimi nauliza nani alikukagua."

Tangu siku hiyo mtu akiwa anafunga fundo mbele yangu haongeleshwi, hata na mkuu wa shule, hata na mwenye hela. Simu yangu inakaa kwenye begi. Na anayeshika kamba haulizi kitu: anakuja, anashika fundo la mwenzake kwa mkono, anahesabu jozi, anavuta mkanda wa hanesi, anabonyeza karabina kuona kama imefungwa. Halafu wanabadilishana, anayepanda anakagua kifaa cha anayeshika. Watu wazima huona haya kidogo kushikwashikwa kiunoni, hasa wakija na bosi wao. Basi waone haya.

Maneno nayo tuliyapanga upya. Kizungu wapandaji wana orodha yao inayojulikana kote, lakini watoto wa Naivasha na akina mama wa chama hawana haja nayo. Kwangu ni "Nimeshika" kwa anayeshika, "Napanda" kwa anayepanda, "Vuta", "Legeza", "Nishushe", na lile zito kuliko yote, "Nimejifunga, toa kamba", ambalo halisemwi mpaka mtu awe amejitundika juu na ameegemea kwa uzito wake akaona anashikwa. Kabla ya kila neno unataja jina la mwenzako. Ukutani pakiwa na vikundi vitatu na upepo wa mchana umeanza, "toa kamba!" ya jirani inasikika kabisa kama ya rafiki yako. Na usiposikia kitu, endelea kushika. Kamba ikikuishia mkononi, bado endelea kushika.

Kuna siku kwenye Main Wall, ule ukuta mrefu wa bonde lenyewe, nilimwona kijana amefika kwenye kibaraza cha juu, kafurahi, kanyanyua mikono. Rafiki yake akaita kutoka chini, "Sawa?" Naye akajibu, "Sawaaa!" kwa furaha yake. Wa juu alimaanisha nimefika, pazuri huku. Wa chini alielewa nimejifunga, achia. Nilikuwa hatua kumi pembeni na wateja wangu, nikageuka nikaona mikono ya yule wa chini imeshika chupa ya maji. Nilikimbia nikaidaka kamba yake, nikaizungusha mgongoni kama walivyofanya watu wa zamani kabla ya vifaa, nikampigia yule wa juu kelele ajifunge. Hakuanguka. Waliponishukuru niliwafokea mpaka mteja wangu mmoja akaniambia nipunguze, kuna watoto.

Kuhusu maisha ya kazi yenyewe sina mengi ya kupamba. Kuna miezi mizuri, Desemba na Agosti shule zikifungwa, na kuna Aprili ya mvua ambapo naziba pancha kama zamani. Kampuni moja ya utalii ilikaa na pesa zangu miezi minne, kila nikipiga simu naambiwa, mwajua neno gani. Vifaa vinatoka nje na bei yake inapanda na dola. Viatu vyangu vimewekwa soli mpya na fundi wa Naivasha mjini kwa mpira wa tairi, havishiki kama vya kiwandani lakini vinatosha kwa njia rahisi. Majirani walichukua miaka kuacha kuniuliza lini nitapata kazi.

Mwulize mpandaji yeyote wa Kenya anaogopa nini. Wengi watakutajia nyuki kabla ya urefu. Nyuki wetu ni wakali na wanapenda nyufa za miamba, na mtu aliyefungwa kwenye kamba hana pa kukimbilia. Mwaka wa saba niliumwa mara arobaini na kitu nikiwa namshusha mwanafunzi, mkono mmoja umeshika kamba, siwezi kuuachia, nao wanajua siwezi. Nilimfikisha chini. Uso ulivimba nikashindwa kufungua macho siku mbili, na mama akasema sasa basi, kazi hiyo iishe. Haikuisha. Kabla ya kufungua njia asubuhi sasa nakaa chini yake dakika kumi nikisikiliza tu.

Jambo moja hunishangaza. Watu wanaitazama Fischer's Tower, mita 25, kamba mpya, boliti, helmeti, na wanatetemeka. Halafu saa nane wanashuka kwenye korongo la Ol Njorowa na viatu vya kanisani, wakipiga picha, bila kuuliza kama mvua imenyesha mahali. Wingu la mvua halihitaji kuwa juu ya korongo. Linaweza kunyesha mbali huko juu, wewe uko kwenye jua, na maji yakaja. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba humo ndani. Nilikuwa mnarani siku hiyo. Sitaki kuielezea. Ila tangu hapo mgeni akiniuliza kama korongoni ni sawa, simjibu.

Mlima Kenya napanda mara moja au mbili kwa mwaka, kwa wateja ambao tumeshafanya mazoezi hapa chini. Wengi wanaoupanda huo mlima hutembea kwa miguu mpaka Lenana, mita 4,985, hakuna haja ya kamba. Nelion, mita 5,188, na Batian, mita 5,199, ni mwamba mtupu, vidole na kamba. Majina yote matatu ni ya ukoo wa malaibon, viongozi wa kiroho wa Kimasai. Aliyeyatoa ni Halford Mackinder, Mwingereza, na vitabu vinamtaja yeye kuwa ndiye aliyefika Batian kwanza, mwaka 1899. Mimi kila nikifika kule huwakumbuka wale wawili aliokwenda nao, César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji kutoka Courmayeur, Italia. Barafu ya Diamond Glacier ilikuwa ngumu, ikabidi ichongwe ngazi hatua kwa hatua, na waongozaji ndio waliochonga. Kambi imepewa jina la mteja. Haya, ndiyo kazi.

Februari moja nilikwenda Nelion na mhandisi mmoja wa Nairobi. Februari upande wa kusini wa mlima unakuwa mkavu, ndio wakati wake. Tulilala Austrian Hut, mita 4,790, tukatoka saa kumi na nusu usiku, tukavuka mabaki ya Lewis Glacier. Wakubwa zangu wanasimulia walivyotembea juu ya barafu pana pale. Sisi tulitembea juu ya kokoto sehemu kubwa. Jua lilitukuta tumeshapanda kamba tatu, yaani vipande vitatu vya njia, kila kimoja kutoka kibaraza hadi kibaraza. Mteja wangu alikuwa na nguvu, anakimbia mbio za marathoni, na kila nilipomvuta kwenye kibaraza nikamwuliza habari yake alisema, "Niko sawa." Kwenye kamba ya nne, sawa. Ya tano, sawa. Ya sita alifika akakaa kimya, akaanza kuifungua skrubu ya karabina yake akiizungusha upande usiofaa. Akaizungusha tena upande ule ule. Kichwa kinauma? Hapana, sawa kabisa, twende.

Nikakata kipande cha kamba nyembamba nilichokuwa nacho mfukoni, nikampa. "Nifungie nane."

Alicheka. Alikuwa ameifunga mbele yangu si chini ya mara hamsini kule Hell's Gate. Akaishika ile kamba, akatengeneza duara, akaliachia, akatengeneza jingine. Akaitazama kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua. Mikono yake ilikuwa na joto, nilimshika, haikuwa baridi. Ilikuwa kichwa. Ukosefu wa hewa kule juu huanza na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, lakini ukifika kwenye ubongo mtu hupoteza uratibu wa viungo, na dawa inayotegemewa ni moja: kushuka, sasa hivi.

Anga ilikuwa ya buluu tupu. Kilele tulikiona. Alinisihi, kisha akanigombeza, kisha akanikumbusha kiasi alicholipa. Nilikuwa nimeshaanza kuweka kamba ya kuteremkia. Niliteremka naye bega kwa bega, sikumwacha aguse kifaa hata kimoja, vituo saba mpaka chini. Austrian Hut alitapika. Tukaendelea kushuka mpaka Mackinder's Camp, karibu mita 4,200, na jioni akaomba ugali. Usiku huo nilimpa tena kile kipande cha kamba. Alifunga nane kwa sekunde chache, akanirushia bila kuniangalia. Hakunipa bakshishi, wala hajanipigia simu mpaka leo.

Mama hakuwahi kuja kuniona nikifanya kazi. Miaka kumi. Alikuwa akisema anaogopa kuniona juu zaidi ya kuniwazia. Desemba iliyopita alikuja, Jumapili baada ya ibada, na shangazi na dada yangu mdogo, wakabeba chapati na termosi ya chai. Nyani mmoja aliondoka na chapati mbili kabla hawajakaa vizuri. Mama alikalia leso yake kivulini, akanitazama nikipandisha familia ya watu watano kutoka Nakuru, hakusema chochote saa nzima. Ile familia ilipoondoka akainuka, akakung'uta leso.

"Mimi nitafika wapi?" akauliza.

"Utakapotaka, mama. Ukitaka kurudi unaniambia nishushe."

Dada alimvua viatu vya kanisani akampa raba zake. Chini ya gauni alikuwa amevaa suruali ya michezo. Kumbe alijipanga tangu nyumbani. Nikamfunga hanesi, nikamvisha helmeti juu ya kitambaa cha kichwa, nikapitisha kamba, nikafunga nane nikairudisha mpaka mwisho. Kijana wangu akaja akakagua. Nikashika kamba, nikarudi nyuma hatua mbili, na kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu, nikauliza:

"Uko sawa, mama?"

Shangazi akacheka kwanza, maana sheria yangu waliisikia asubuhi yote. Mama hakucheka. Alitoa miwani yake ya greding mfukoni, akaivaa, akalinyanyua fundo karibu na uso.

"Ziwe ngapi?"

"Jozi tano."

Akaanza kugusa moja moja kwa ncha ya kidole, kwa mwendo ule ule anaohesabia waridi, midomo ikicheza bila sauti. Alifika ya nne, akasimama, akaligeuza fundo upande wa pili kuitafuta ya tano.